Hawezi au Hataki?

Makala haya tumeyaahirisha mara mbili, kwa kuwa jambo lenyewe limetokea ndani ya nyumba yetu na wahusika wake tunaonana nao kila Ijumaa. Lakini swali lililoulizwa halijapata jibu, na kulinyamazia tumeona ni vibaya zaidi.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Maskati tulitembelewa na mhubiri mgeni. Alihubiri vizuri. Alisema kwamba tumezoea kumwona Mungu kama hakimu aliyekunja uso, kumbe Mungu ni tabibu. Kwamba dhambi si jinai bali ni maradhi. Kwamba kanisa si mahakama bali ni hospitali, na hospitalini hakuna anayemcheka mgonjwa mwenzake. Wapo waliolia. Sisi wenyewe tulifarijika, wala hatuoni haya kulisema. Wengi wetu tulilelewa kwa fimbo na katekisimu, na tulikua tukidhani kwamba mbinguni kuna daftari moja kubwa lenye majina yetu na makosa yetu kwa wino mwekundu. Kuambiwa kwamba kule juu kuna cheti cha dawa badala ya daftari la mashitaka si jambo dogo.

Wiki chache zilipita. Mwenzetu mmoja, aliyeaminiwa kushika fedha za upatu wa akina mama kumi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, alisimama mbele ya kikundi akasema fedha za mwezi ule hazipo. Kila mama alikuwa ametoa rial 20, jumla rial 200. Alikuwa akibeti mpira kwa simu, kwa kupitia ndugu yake aliyeko nyumbani, na mikeka yote ilichanika. Alilia. Alisema, "Ndugu zangu, mimi si mwizi. Mimi ni mgonjwa. Niombeeni." Tukamwekea mikono, tukamwombea, tukaimba. Mama ambaye zamu ya kupokea ilikuwa yake, na ambaye fedha zile zilikuwa ada ya mwanawe, hakuimba. Ibada ilipokwisha aliuliza swali moja tu: "Na mimi niliyeibiwa, naumwa nini?"

Hatukuwa na la kumjibu. Ndipo tulipoanza kuyarudia mahubiri yale, si kwa kumpinga mhubiri, bali kwa kuyapima.

Tuanze na lugha yetu, maana imekwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Wazee wa pwani hawakuwa na haja ya kusema kila mara kwamba fulani ni mgonjwa. Walisema: fulani hawezi. Ukimuuliza mtu hali, akakujibu "siwezi, mwanangu," hungoji amalizie ni kitu gani asichokiweza; umekwisha jua kwamba ana homa au mgongo. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, walilitumia neno hilohilo pale Yesu anapoulizwa kwa nini anakula na watoza ushuru. Anajibu kwa mfano wa tabibu na wagonjwa, na wagonjwa hao katika tafsiri ile wanaitwa walio hawawezi. Kijana wa leo akiusoma mstari huo kwa sauti hujikwaa. Hawawezi nini? Huona kama mpiga chapa ameangusha neno. Hakuna kilichoanguka. Na mabishano ya Wakristo ya miaka elfu moja na mia sita yamekaa ndani ya neno hilo moja: mwenye dhambi ni mtu asiyeweza, au ni mtu asiyetaka?

Pelagius, mtawa aliyetoka Britania, alisema hataki. Mungu hawezi kumwamuru mtu jambo lililo nje ya uwezo wake, kwa hiyo aliyeanguka angeweza kusimama, na asitafute visingizio. Aliyempinga ni Mwafrika, Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Yeye alisema utashi wenyewe umeugua. Kumwambia mgonjwa asimame bila kumpa dawa ni kumdhihaki. Maaskofu wa Afrika walipokutana Karthago mwaka 418 waliyakataa mafundisho ya Pelagius. Kwa hiyo anayedhani kwamba hoja ya dhambi kuwa maradhi ni mtindo mpya wa wahubiri wanaotaka kuwapendeza watu, amekosea. Ni ya kale, na shina lake kubwa liko kwetu. Makanisa ya Mashariki nayo yaliishika kwa nguvu: mtaguso wa mwaka 692 uliofanyika Konstantinopoli, katika kanuni yake ya mwisho, unamwagiza anayepokea maungamo aupime ukubwa wa dhambi na hali ya mtu kama tabibu anavyopima ugonjwa, asizidishe dawa wala asiipunguze. Picha ya deni na fidia, ambayo wengi wetu tuliikuta katika mafundisho ya kipaimara, ilipata nguvu kubwa huko Magharibi baadaye, hasa kwa Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11.

Ila isidhaniwe kwamba deni ni ubunifu wa Anselm. Limo ndani ya Sala ya Bwana. Wale waliolelewa na Biblia ya Union wanajua kwamba katika Mathayo tunaomba kusamehewa deni, na sisi tunawasamehe wadeni. Wakatoliki wenzetu husema makosa. Tukisali pamoja kwa sauti, hapo ndipo sauti zinapopishana, kila mmoja akishika lake, kisha tunakutana tena mbele.

Hapa Maskati tunasikia jambo jingine ambalo huko nyumbani lingetupita. Mwarabu ukimshukuru anakujibu "afwan", yaani kama kusema samahani, hapana kitu. Ukimkuta kazini anakuombea "al-afiya", uzima. Maneno hayo mawili ni ya shina moja. Kiswahili nacho kimeyapokea: tuna afya, na tuna kitenzi cha zamani kuafu, ambacho hubeba kusamehe, kuokoa na kuponya kwa pamoja. Anayemwombea jirani "Mungu akuafu" hajatenganisha hospitali na mahakama. Tunadhani mhubiri wetu angelifurahia neno hili kama angelijua.

Na si lugha tu. Hapa Omani Mkristo alijulikana kwanza kwa dawa, ukiwaacha Wareno ambao tutawarudia. Daktari Sharon Thoms wa Misheni ya Kimarekani alianza kazi Matrah mwaka 1909. Mwaka 1913, akishughulikia waya wa simu kati ya Matrah na Maskati, alianguka kutoka juu ya nguzo akafariki. Mwanawe Wells alirudi mwaka 1939 na kuiendesha hospitali ya Matrah hadi mwaka 1970, wakati ambapo katika nchi hii hospitali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Watu walifika kwa punda na kwa ngamia, kwa mashua kutoka Batina, wakiwa na trakoma, malaria, kifua kikuu, ukoma. Waliobadili dini walikuwa wachache mno. Walioponywa hawahesabiki. Kwa mtu wa Matrah, basi, picha ya Masihi kama tabibu haikuhitaji mahubiri. Ilikuwa na mlango, benchi la kungojea na harufu ya dawa. Nasi tunaosali leo Ruwi na Ghala, katika viwanja vilivyotolewa na Sultan Qaboos, tumekula matunda ya heshima iliyopandwa na matabibu wale.

Basi tatizo liko wapi?

Liko katika hesabu ya viti. Katika chumba cha daktari mna viti viwili, cha tabibu na cha mgonjwa. Mlango hufungwa, na wanayozungumza ni siri yao. Hivyo ndivyo inavyopasa, na ndiyo maana picha hii inamfariji mwenye dhambi: hatimaye yuko peke yake na yule anayemtakia mema. Lakini dhambi nyingi zina mtu wa tatu. Amekaa nje ukumbini, hana kadi wala namba, na hakuna anayemwita. Mahakamani angalau angekuwa shahidi. Kwenye deni angekuwa mdai. Kwenye maradhi hana jina. Mama yule aliliona hili kwa dakika moja, sisi tukiwa bado tunaimba.

Tuchukue mfano ambao mtu yeyote wa Maskati anaujua. Mwaka 1507 Alfonso de Albuquerque aliupiga mji huu na kuuteketeza kwa moto, na miongoni mwa mateka wapo waliokatwa pua na masikio. Alikuwa Mkristo, na meli zake zilibeba mapadre. Ngome za Jalali na Mirani, ambazo watalii huzipiga picha, ni ukumbusho wa utawala ule uliodumu hadi mwaka 1650. Je, tutasema Albuquerque alikuwa mgonjwa? Huenda alikuwa. Uchu wa kutawala ni homa ya kweli, na aliyeshikwa nayo hulala akiweweseka. Lakini hebu mwendee mtu aliyekatwa masikio, umwambie kwa upole kwamba yule bwana hakuwa mwovu, hakuwa anajiweza. Neno la rehema kwa mmoja limegeuka tusi kwa mwingine, na wala halikubadilika hata herufi. Vivyo hivyo kwa wale vijana 18 wa Kiafrika waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa, ambao mmisionari Peter Zwemer aliwapokea hapahapa Maskati mwaka 1896 na kuwafungulia shule. Walihitaji chakula, nguo na elimu, na walivipata. Lakini kwanza walikuwa watu waliodhulumiwa, na ugonjwa wa moyo wa waliowauza haukuwa jambo lao.

Huko kwetu Afrika Mashariki kuna harakati ambayo ililielewa hili, tena ilizaliwa hospitalini. Mnamo Septemba 1929 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Kutoka Gahini uamsho ukaenea Uganda, Bukoba, Burundi, Kenya na Kongo, ukawapa watu jina la Balokole, yaani waliookoka. Mtu angetazamia kwamba uamsho ulioanzia kwa daktari ungeihubiri dhambi kama ugonjwa. Sivyo ulivyojulikana vijijini. Ulijulikana kwa watu kutubu hadharani, na kisha kwenda kwa miguu, pengine siku nzima, kumrudishia mtu kuku wake, jembe lake, shilingi zake. Wapo waliorudisha vitu ambavyo mwenyewe alikuwa amekwisha visahau. Tunajua makosa ya harakati ile. Wengine walitubu dhambi za jirani zao kuliko za kwao, na wengine walijigeuza polisi wa roho za watu. Lakini kuku alirudi! Mtu wa tatu aliitwa, akaingia chumbani.

Bila shaka walijifunza kwa Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko. Bwana hakumhoji. Alikwenda kwake kama tabibu anavyokwenda nyumbani kwa mgonjwa. Na Zakayo, mara alipopata nafuu, jambo la kwanza alilolitaja lilikuwa hesabu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Pengine hiyo ndiyo dalili ya kupona. Mgonjwa wa homa tunajua amepona anapoomba chakula. Mgonjwa wa dhuluma labda tunajua amepona anapoomba orodha ya wadai wake.

Kuna hatari nyingine, ambayo wengi wameiandika, nasi tutaipita upesi. Sentensi ikisema dhambi ni ugonjwa, haichukui muda kugeuzwa kichwa chini, ikasema ugonjwa ni dhambi. Tuliona hivyo tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Wapo waliozikwa huku mazishi yao yakigeuzwa hukumu. Wanafunzi wa Yesu walifanya kosa hilohilo kwa yule kipofu wa kuzaliwa, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kwamba si yeye wala si wao. (Kwa haki tuseme pia kwamba katika Injili hiyohiyo yuko mwingine, aliyeponywa penye birika la Bethzatha, anayeonywa asitende dhambi tena lisije likampata jambo baya zaidi. Maandiko hayakutuandalia njia nyoofu.) Na mwaka 2011 maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuona kwamba kuzimeza ni upungufu wa imani.

Tumalize na kitabu, kwa kuwa ukurasa huu ni wa vitabu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, kisha ikaja kusomeshwa. Tulioisoma kwa kujificha tulitafuta kurasa chache tu. Tukiisoma sasa, tunakuta kitabu kizima kinauliza swali la makala haya. Zakaria wa Ukerewe ni mlevi. Anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, anamlinda kwa fimbo huku pombe ikimlinda yeye asijitazame. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma, hajui kusimama mbele ya mwanamume bila hofu, na hofu ikiisha haina breki. Zakaria hawezi, au hataki? Daktari wa leo angesema ulevi ni ugonjwa, na tungekubali. Hata kamari imo katika orodha za magonjwa za wataalamu wa Marekani tangu mwaka 1980. Lakini tukimpa Zakaria kitanda hospitalini, ile mikwaju iliyomwangukia Rosa tunaiandika wapi?

Na kuna upande wa pili ambao wahakiki wengi waliona ni hadithi ya ubikira tu. Rosa anaacha njia zake. Kwa lugha ya mhubiri wetu, anapona. Kisha mchumba wake Charles anagundua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Charles ni mtu anayedhani anatetea usafi, kumbe anachungulia kovu na kuliita kidonda. Hapa picha ya ugonjwa ingemwokoa msichana, maana aliyepona surua haitwi mgonjwa wa surua. Ndiyo maana hatuwezi kuungana na wale wanaotaka picha hii itupwe. Palipo na anayehukumiwa daima kwa jambo alilokwisha kuliacha, tunamtaka tabibu aje, tena upesi. Wala Kezilahabi, kwa usomaji wetu, hakutaka tuchague kati ya Rosa mkosaji na Rosa aliyekosewa. Ni mtu mmoja, amekaa kwenye viti vyote viwili, na ugumu wa kitabu unatoka hapo.

Tulimweleza habari hii jirani yetu mmoja wa Al Khuwair, mzee wa Unguja aliyehamia huku zamani. Ni Mwislamu, na tunapenda kumpelekea hoja zetu kwa sababu hana haraka. Alisema kwao pia Kurani inataja maradhi yaliyomo nyoyoni, hilo si geni. Kisha akauliza, "Lakini fedha zimerudi?" Tukasema bado. Akasema wao wanatenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Ya Mungu, tubu kwake, ni Msamehevu. Ya mja, mrudishie mja, au umwombe akusamehe kwa ridhaa yake. Usiende kumwombea Mungu asamehe mali isiyo Yake. Akatukaribisha kahawa, akabadilisha mazungumzo.

Tulirudi kwa mwenzetu. Hatukumwita mwizi, wala hatukumpeleka polisi. Akina mama wenyewe walikataa, kwa kujua kwamba mgeni akipelekwa huko anaweza kurudishwa kwao, na fedha zikaenda naye. Tulimwambia kwamba tunaamini hajiwezi mbele ya simu ile, na simu akabidhi kila jioni kwa mtu anayekaa naye chumba kimoja. Hiyo ni dawa, na alikubali. Kisha tukamwambia habari ya rial 200. Hapo uso ulibadilika. Alisema, "Si mliniombea?"

Tulikaa kimya muda mrefu kidogo. Mama yule alikuwepo, maana safari hii tulimwita. Alifungua daftari dogo la mazoezi, la mwanafunzi, akaandika juu ya ukurasa jina la mwenzetu na kiasi, akamgeuzia atie sahihi. Alitia. Ni rial 20 kila mwezi. Mpaka tunapoandika maneno haya amelipa miezi mitatu, na mwezi wa nne amechelewa siku tisa. Mama anasema anamwombea kila siku, na daftari anatembea nalo mkobani.